Madoa Matatu Kwenye Bangili

Mwaka mzima nimewaambia wateja wangu kwamba stenlesi haishiki kutu. Na asubuhi ile ya Jumamosi, saa mbili kasorobo, nikakuta madoa matatu ya kutu kwenye bangili yangu mwenyewe.

Niliisogeza kwenye mwanga. Nikaifuta kwa upindo wa gauni. Madoa yalikuwepo, rangi ya chai, madogo kama ufuta, yamekaa upande wa nje kabisa ambapo mtu akinishika mkono lazima ayaone. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikarudi, nikasahau nilikuwa nafuata nini.

Siku nyingine yoyote ningecheka. Lakini siku ile, saa tano, wanawake wa upande wa Hanafi walikuwa wanakuja kuniulizia uchumba, na mama yangu, Che Minah, muuza hariri wa soko kuu la mji wetu wa Kota Bharu, alikuwa ameweka sharti moja tu. Sharti lenyewe lilikuwa bangili hiyo.

Hanafi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka mitatu iliyopita alikuja kututengenezea geti la stenlesi, kwa sababu geti la zamani lilikuwa limeliwa na mafuriko ya kila mwaka mpaka likabaki kimia. Mama alimpenda kama watu wanavyowapenda mafundi wazuri: akamsifia kazi, akampa chai, akamwambia arudi aangalie bawaba. Alirudi kuangalia bawaba mara sita. Bawaba haikuwa na ubaya wowote. Mama alipokuja kushtuka, mimi nilikuwa nimeshavaa bangili aliyonikatia Hanafi kwenye bomba lililobaki la geti hilo hilo, akaipiga msasa kwa mkono siku mbili, akanivalisha nyuma ya nyumba kati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Hicho nini mkononi?" Mama aliniuliza jioni ile.

"Bangili, Ma."

"Ya nini?"

"Stenlesi."

"Yaani sufuria." Akaweka uma chini. "Mwanangu kavalishwa sufuria."

Mumwelewe mama yangu. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini, na kila aliyemwonea huruma ya uongo siku zile alikuja kujibiwa kwa dhahabu. Alianza na bangili moja, ikafuata ya pili, mpaka leo akinyoosha mkono kukupimia kitambaa unasikia mkono mzima ukigongana. Hajawahi kumpokea mgeni mikono mitupu. Hata akiumwa homa, atanituma kwanza kabatini.

Kwa hiyo mama yake Hanafi, Che Som, anayeuza wali wa asubuhi kando ya barabara, alipoleta ujumbe kwamba angependa kuja, Mama alijibu mbele ya majirani, na akiongea Mama majirani wote wanasikia.

"Mwambieni angoje mwaka. Si kijana wake anasema chuma chake hakishiki kutu? Basi Rohaya ataivaa hiyo sufuria mwaka mzima, mvua na jua, jikoni na bafuni. Mwaka ukiisha haina doa, waje, nitawapokea. Ikiota doa, hata la ncha ya sindano, asikanyage geti langu."

"Geti alilolitengeneza mwenyewe," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Na akatukataza kukaa pamoja. Mwaka mzima nilimwona Hanafi akipita na pikipiki yake, anapunguza mwendo penye geti, anaangalia bawaba. Mimi nasimama barazani na kikapu cha nguo ambazo nimeshazianua na kuzianika tena. Nilikonda. Mtu asikwambie kungoja ni kukaa tu. Kungoja ni kazi ya kutwa na mwili unaijua.

Na sasa madoa matatu, zikiwa zimebaki saa tatu wageni wafike.

Nikafanya ninachowaambia wateja. Mimi nauza cheni, pete na hereni za stenlesi hapo hapo nyumbani, kwa simu, na jibu la kusafisha ninalo kichwani kama jina langu: maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, suuza vizuri, kausha kwa kitambaa laini kabla maji hayajaacha alama. Nikaloweka. Nikaswaki. Nikasuuza. Nikakausha.

Madoa yakaniangalia.

Simu ikalia. Mteja: "Dada Yah, mkufu wangu umefifia kidogo, niufanyeje?" Nikamwandikia, "Mimi mwenyewe sijui." Halafu nikafuta, nikamwandikia maji ya uvuguvugu.

Kutoka sebuleni Mama akaita, "Rohaya! Vile vikombe vya maua ya bluu viko wapi?"

"Kabatini, Ma!"

"Kabatini wapi?"

"Juu!"

Nikapiga picha ya bangili, nikamtumia Hanafi. Sikuandika neno. Na yeye hakuandika neno. Baada ya dakika ishirini nikasikia pikipiki ikizimwa mbali, upande wa migomba, kisha miguu inayojaribu kutosikika.

Mwanamume hatakiwi kuonekana siku wanawake wa kwao wanapokwenda kumuulizia mchumba. Hiyo inajulikana na kila mtu. Hanafi alisimama mlango wa nyuma wa jikoni kwetu na shati la kazini lenye matundu ya cheche, nywele hazijachanwa, anahema. Mwaka mzima sikuwa nimekaa naye karibu hivyo. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, na badala ya yote mawili nikagomba.

"Ulinipa chuma gani, Abe?" Kwetu Abe ni kaka, na ndivyo msichana anavyomwita mchumba wake.

"Asalamu alaikum kwanza, Yah."

"Alaikum salamu. Ulinipa chuma gani?"

"Unajua chuma nilichokupa."

"Mimi najua? Mimi nauza vitu hivi, Abe Hanafi. Najua kuna stenlesi ya kweli na kuna ile ya bei poa inayong'aa miezi sita kisha inaumbuka. Niambie tu ukweli. Ulikuwa huna pesa, ukaokota kipande, nitaelewa."

Akanitazama. Macho yake si ya mtu wa hasira, na ndiyo maana yanauma yakibadilika.

"Kwa hiyo mwaka wote ulikuwa unavaa kitu unachokitilia shaka."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Na mimi niulize? Uliivaa kweli kila siku? Au ulikuwa unaivua ukienda harusini ili usionekane na sufuria?"

"Abe!"

"Nauliza tu. Hata wewe umeuliza tu."

Nikamsogezea mkono karibu na uso. Pale bangili inapokaa, ngozi yangu ina mstari mweupe wa mwaka mzima wa jua. "Soma," nikamwambia. "Soma kama niliivua."

Aliusoma. Hakunigusa, lakini aliinama karibu mpaka nikasikia pumzi yake juu ya mshipa, na mimi niliyetaka kuendelea kugomba nikasahau maneno. Aliponyanyua kichwa sauti ilikuwa imeshuka.

"Nisamehe. Tangu juzi sijalala. Mama yangu ameazima mtandio kwa watu watatu, hajaridhika na hata mmoja."

"Na mimi nisamehe."

"Chungulia nje," akasema. "Angalia geti."

Nikachungulia kwa dirisha la pembeni. Geti lilikuwa limesimama kwenye jua la asubuhi, limepitiwa na mafuriko mara tatu, jeupe kama siku ya kwanza.

"Bomba ni lile lile," Hanafi akasema. "Geti limelala ndani ya maji ya matope wiki nzima halina doa. Bangili inalala kitandani na wewe imeshika kutu. Kuna kitu kimeipata. Nipe."

Akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza polepole, jicho moja limefumbwa, na nikaona uso wake ukibadilika tena, safari hii kuwa uso wa fundi.

"Umeisugua na nini?"

"Mswaki. Asubuhi hii."

"Mswaki haufanyi hivi. Tazama. Mimi nilipiga msasa kwa kuzunguka, mistari yote inakwenda na bangili. Hii mingine imekatisha, juu na chini, kwa nguvu. Huu ni waya wa kusugulia masufuria. Unaacha chembe zake, chembe ndizo zinazoshika kutu. Kutu hii si ya bangili, Yah. Ni ya waya." Akainusa. "Na kuna dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hiyo ndiyo sumu yake kabisa. Jana ilikuwa wapi?"

Jana jioni niliivua kukanda unga wa vitafunio vya wageni, unga unaingia kwenye mistari. Niliiweka dirishani juu ya sinki. Nikalala nimechoka. Nikageuka kutazama sinki: kwenye kisahani cha sabuni palikuwa na waya mpya wa masufuria, umetumika mpaka umesambaratika, umeacha duara la kahawia.

Nyumba hii tunaishi wawili tu.

Niliushika ule waya. "Ni Ma," nikasema. "Mwaka wote umepita, akaona hatuna doa, akalitengeneza mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Usiku wa mwisho, Abe! Usiku wa mwisho!"

"Yah, usimsemee mzazi neno ambalo..."

"Ambalo nini?" akauliza Mama.

Alikuwa amesimama mlangoni, amebeba trei ya vikombe vya maua ya bluu, amevaa hariri ya kijani na dhahabu yote, mikono yote miwili. Akamtazama Hanafi kuanzia viatu hadi kichwani.

"Na wewe umekuja kuangalia bawaba?"

"Samahani, Mak Cik," Hanafi akasema, ameinamisha kichwa. Ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika la mama zetu.

Mimi sikuinamisha kitu. Nikachukua bangili mkononi mwa Hanafi nikaiweka juu ya trei, katikati ya vikombe. "Hiyo hapo. Madoa matatu. Umeshinda, Ma. Wapigie simu wasije."

Mama aliitazama bangili. Nilingoja atabasamu, na kama angetabasamu sijui ningemwambia nini, lakini hakutabasamu. Rangi ilimtoka. Aliweka trei mezani, vikombe vikagongana, akaishika bangili kwa ncha za vidole, na hapo ndipo nikaona: vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimefungwa plasta.

"Lakini jana iling'aa," akasema. "Nilipoiacha iling'aa."

"Kwa nini, Ma?"

"Kwa nini nini? Imefifia, umeivaa mwaka mzima jikoni na bafuni. Che Som anakuja hapa, atakushika mkono, aone kitu cha mwanawe kimechakaa, akatangaze njia nzima kwamba Che Minah hata kutunza kitu cha mtoto wake hawezi! Nimekaa nacho saa nzima. Nimesugua mpaka waya umenichoma. Nikatia na dawa kidogo, kama kwa masufuria."

"Ma! Nani husugua bangili kwa waya?"

"Si ni stenlesi? Masufuria yangu si stenlesi? Dhahabu ndiyo ninayoijua mimi, hiki hamkunifundisha!"

Hanafi alikohoa. Alikuwa anazuia kicheko kwa nguvu zake zote na mimi nikaomba Mungu amsaidie.

"Kwa hiyo," nikasema taratibu, "ulikuwa unataka waje."

"Nimepikia vitafunio mayai mia moja tangu jana, mimi. Unadhani nampikia nani? Paka?"

Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni, na uso ukasawijika. Nilimwona akikumbuka neno alilolisema mbele ya majirani. Mama yangu akitaja bei sokoni hairudi nyuma, watu wanamjulia hapo, na ndiyo maana wanamheshimu.

"Nilisema doa moja," akasema. "Wote walinisikia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Nilimtazama Hanafi, Hanafi akanitazama mimi, na nikaona kwenye macho yake kitu ambacho sikukiona mwaka wote penye geti: alikuwa ameogopa. Jitu zima linalobeba mabomba begani, limeogopa wanawake wawili na bangili.

"Mak Cik," akasema, "ndani ni nzima. Ni juu tu. Inatoka, ila haitaki nguvu. Tupate magadi ya unga, yale ya kutilia keki, na maji kidogo, iwe kama uji mzito. Na ndimu nusu."

Nikachanganya. Nilipochukua kitambaa laini nianze, Mama akanipokonya.

"Nipe. Aliyeharibu ni mimi."

Akachota magadi kwa kidole, akapaka, akainua mkono kusugua. Bangili zake zikateremka mpaka kwenye kiganja na kugonga chuma.

"Samahani, Mak Cik, hizo zitakwaruzika. Stenlesi ni ngumu kuliko dhahabu," Hanafi akasema.

Mama akamkata jicho refu. Kisha akaanza kuvua, moja moja, mikono yote miwili, akiziweka kando ya sinki. Nilihesabu kumi na moja. Mkono ulibaki mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, na una madoa ya umri ambayo sikuwahi kuyaona.

"Haya. Nifanyeje?"

"Fuata mistari. Usikatishe. Polepole, kama unampangusa mtoto usingizini."

Alisugua. Hanafi alikuwa anamuelekeza, "hivyo hivyo, Mak Cik, zunguka nayo," na Mama alikuwa anaitikia "ehe" kama mwanafunzi. Doa la kwanza likatoka. La pili likang'ang'ania, akakamulia tone la ndimu, akangoja, akafuta, likatoka. Akasuuza, akarudia. Mimi nilizunguka meza. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Nilipanga vijiko, nikavipangua.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu!" Mama akafoka.

Doa la tatu lilipungua mpaka likabaki kivuli, halafu likagoma.

Na honi ikalia penye geti.

Sote tukaruka. "Wewe, toka!" Mama akamwambia Hanafi. "Kwa nyuma!" Akaikausha bangili kwa upindo wa hariri yake ya kijani, hariri ambayo ukiigusa na mikono yenye maji anakufukuza dukani, akanivalisha kwa nguvu. "Kivuli kigeuze ndani. Usinyooshe mkono sana. Nifuate na trei nikikuita." Akatoka mbio akijifunga mtandio. Hanafi akapotelea mlango wa nyuma, lakini pikipiki sikuisikia ikiwaka.

Nikasimama jikoni nikisikia geti likifunguka bila kelele. Nikasikia salamu, viatu vikivuliwa, sauti ndogo ya Che Som ikisema nyumba inapendeza. Kisha nikageuka.

Dhahabu zote kumi na moja zilikuwa kando ya sinki.

Mama yangu alikuwa ametoka kupokea wageni mikono mitupu. Nilizikusanya, nikaangalia mlango, sikujua nizifiche au nikamvalishe mbele za watu.

"Rohaya!" akaita.

Nikaenda na trei. Che Som alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mtandio wa kuazima umemkaa vizuri, macho yake kwenye mikono ya Mama, anashangaa. Naye Mama alikuwa ameshajiona. Alikuwa ameiweka mikono mapajani, wa kushoto juu ya wa kulia, na shingo imenyooka.

Niliinama kuweka vikombe. Che Som akanishika mkono kwa upole, kama inavyotakiwa, akanisifia kidogo, na kidole chake kikaizungusha bangili. Kivuli cha doa kikaja juu, peupe, chini ya taa. Akakiona. Akaangalia kando haraka, na nikajua kwamba naye mwaka mzima alikuwa akilifikiria neno lile la mama yangu, na kwamba sasa anajiandaa kuinuka.

"Dada Minah," akasema kwa shida, "ulisema doa..."

"Hilo ni langu," Mama akasema.

Akamgeukia Che Som uso kwa uso.

"Chuma cha kijana wako hakina kosa, mwaka mzima nimekiangalia. Jana nikataka king'ae mkija, nikakisugua kwa waya wa masufuria kwa ujinga wangu. Doa hilo nimelitia mimi, na yeyote atakayeuliza, hata majirani, nitamwambia hivyo." Akanyoosha mkono wake mtupu, akaichukua bangili pamoja na mkono wangu, akaviweka vyote viwili kwenye mapaja ya Che Som. "Kusafisha vitu hivi bado sijajua. Mkwe wangu atanifundisha vizuri akishahamia hapa."

Che Som alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wa watu.

Na jikoni, ambako hakukutakiwa kuwa na mtu, kijiko kikaanguka.